Kafa Ulaya, Mtumba, Caguwa: Uhakiki wa Majina ya Nguo Zilizovaliwa na Imani ya Mnunuzi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki majina ambayo wanunuzi na wauzaji wa Afrika Mashariki wameyapa mavazi yaliyokwisha kuvaliwa ughaibuni, hususan kafa Ulaya, mtumba na caguwa. Hoja kuu ni kwamba majina haya ni kumbukumbu ya namna imani ya mnunuzi kuhusu bidhaa ilivyojengeka na kubadilika. Kisarufi, majina hayo yanahama kutoka kwa mwenye nguo wa kwanza, kupitia furushi lililomficha, hadi kwa mnunuzi anayeambiwa achague. Makala yanaonesha kuwa kampeni za kuwatenga wanunuzi na mitumba zimeshindwa kuitikisa imani yao kwa sababu zimezungumza juu ya asili ya nguo, ilhali mnunuzi amekwisha kujifunza kuihukumu nguo yenyewe. Mwisho, makala yanaonesha mipaka ya hukumu hiyo ya sokoni na kupendekeza kazi inayowahusu wanataaluma wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika upunguzwe hatua kwa hatua hadi ukome ndani ya miaka mitatu. Makubaliano hayo hayakudumu. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda ikabaki peke yake na ushuru iliokuwa imeupandisha mwaka huohuo wa 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo moja ya nguo. Mwezi Julai 2018 Marekani iliisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza mavazi yake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Kisa hiki kimejadiliwa sana kama suala la biashara na diplomasia. Hata hivyo, ndani yake mna dhana kuhusu mnunuzi ambayo wanataaluma wa lugha wana sababu ya kuichunguza. Hotuba nyingi zilizoyatetea makubaliano zilimchukulia mnunuzi wa mitumba kama mtu aliyekosa ama fedha ama fahari. Kwamba akielimishwa juu ya hadhi yake na juu ya viwanda vya nchi yake, ataacha. Makala haya yanauliza: je, lugha ya mnunuzi mwenyewe inathibitisha dhana hiyo? Kwa kuwa mtu hukipa kitu jina kulingana na anavyokiamini, majina ya mitumba yanasomwa hapa kama matini, kwa utaratibu uleule tunaousoma methali au kitendawili.

2.0 Nadharia za mtazamo wa mlaji na mipaka yake

Nadharia zinazotumiwa zaidi katika kueleza mtazamo wa mlaji zilianzia katika saikolojia ya jamii. Martin Fishbein, katika kazi yake ya mwaka 1963, alieleza kuwa mtazamo wa mtu kuhusu kitu ni jumla ya imani zake kuhusu sifa za kitu hicho, kila imani ikipimwa kwa nguvu yake na kwa thamani ambayo mtu huipa sifa husika. Mama anayetafuta sweta ya mtoto huamini kwamba sweta ya mtumba ni nzito, ni ya bei nafuu, na imevaliwa na mtu mwingine. Sifa mbili za kwanza anazipenda, ya tatu haipendi. Jumla ndiyo itakayoamua mwelekeo wa moyo wake. Mwaka 1975 Fishbein na Icek Ajzen waliupanua mjadala huu kwa kutenganisha imani, mtazamo, nia na tendo. Utenganisho huo ni muhimu kwa makala haya: mtu anaweza kuacha kununua kitu bila kubadili anavyokiamini.

Daniel Katz naye, mwaka 1960, alitazama haja ambazo mtazamo humtimizia mtu. Alitaja nne: kupata manufaa, kuilinda nafsi, kudhihirisha maadili, na kuupanga ulimwengu ili ueleweke. Kabla yake, mwaka 1957, Leon Festinger alikuwa ameeleza kuwa mtu akitenda jambo lisilopatana na imani yake hupata mgongano wa ndani, na mara nyingi huutuliza kwa kuirekebisha imani ili ifuatane na tendo.

Nadharia hizi zinatufaa, lakini zina mipaka miwili inayoonekana mara tu zinapoingizwa sokoni. Kwanza, mara nyingi hutumika kwa bidhaa inayojirudia: sabuni ya leo ni sawa na ya jana, kwa hiyo imani iliyojengwa kwa kipande kimoja huhamia kwa kinachofuata. Mtumba haujirudii. Kila shati ni la pekee, na aliyeridhika na shati la jana hana hakika na la leo. Pili, watafiti wanaozitumia humweka mlaji peke yake mbele ya bidhaa, akijibu hojaji. Mnunuzi wa Gikomba jijini Nairobi, wa Karume jijini Dar es Salaam au wa Owino jijini Kampala hayuko peke yake. Anasikia muuzaji akinadi, anasikia mwenzake akikosoa, anapatana bei mbele ya watu. Imani yake hutungwa katika mazungumzo, na sehemu ya mazungumzo hayo huganda na kuwa jina.

3.0 Sarufi ya majina

3.1 Kafa Ulaya

Nchini Tanzania nguo hizi ziliwahi kuitwa kafa Ulaya. Jina hili ni sentensi kamili: lina kitenzi, na kiima chake ni mwenye nguo wa kwanza. Huyo amekufa, amekufia Ulaya, na nguo zake zimetufikia. Ghana kuna jina linalofanana nalo, obroni wawu, ambalo katika Kiakan lina maana ya kwamba mzungu amekufa. Jamii mbili zilizo mbali namna hiyo zilifikia maelezo yaleyale, na hilo linatupa sababu ya kuyachukulia kwa uzito.

Ni rahisi kuliona jina hili kama ushahidi wa ujinga au ushirikina. Likisomwa kwa makini, linaonesha hoja. Katika jamii ambamo nguo huvaliwa hadi ichanike, kisha ikageuzwa nepi au dekio, na ambamo nguo iliyo nzima hurithiwa na mdogo mtu, hakuna aliye hai anayetupa koti lisilo na tundu. Ikiwa koti kama hilo limetupwa, basi mwenyewe hayupo. Kifo ndicho kilichokuwa maelezo pekee ya akili yanayoweza kuuhusianisha uzima wa nguo na kuachwa kwake. Huu ndio uundaji wa imani anaouzungumzia Katz katika haja yake ya nne: ulimwengu umeleta jambo lisiloeleweka, na lugha imelipa sababu.

Jina hilohilo hutimiza pia haja ya kuilinda nafsi. Anayesema kwa kicheko kwamba amevaa kafa Ulaya amejitania kabla hajataniwa. Methali inaonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mvaaji wa kafa Ulaya anajibu kwamba hii haikuazimwa, kwa sababu aliyeiacha hatarudi kuidai. Mgongano alioueleza Festinger umetulizwa kwa mzaha.

3.2 Mtumba

Neno mtumba lina historia ndefu kuliko biashara hii. Ni furushi la nguo au bidhaa nyingine lililofungwa kwa ajili ya kubebwa. Lilipohamishiwa kwenye nguo zilizovaliwa, mabadiliko makubwa ya maana yalitokea kimyakimya: aliyekufa aliondoka katika jina. Kilichobaki ni namna bidhaa inavyosafiri. Nguo haikutambulishwa tena kwa aliyeivaa bali kwa robota lililoileta.

Mabadiliko haya yanaendana na mabadiliko ya biashara yenyewe. Nchini Tanzania, ulegezaji wa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980 uliifungulia mitumba njia, na nguo zikaja kwa wingi usioweza kuelezwa kwa vifo. Imani ya kwanza ilipoteza nguvu yake ya kueleza. Hakuna aliyehubiri dhidi yake. Ilizidiwa na idadi ya marobota.

Hofu nayo ilihama. Muuzaji hununua robota likiwa limefungwa, akijua aina ya nguo iliyomo lakini si hali ya kila moja. Anapolikata kamba hapo ndipo anapojua kama amepata au amepatikana. Swali lililokuwa la mauti limekuwa swali la bahati na la gredi.

3.3 Caguwa

Jina linalostahili kusikilizwa zaidi na wasomi wa Kiswahili halimo katika Kiswahili. Wanyarwanda huiita mitumba caguwa. Neno hili ni chagua la Kiswahili lililoandikwa kwa tahajia ya Kinyarwanda. Ni sauti ya mnadi, amri anayoirudia mchana kutwa mbele ya rundo, ambayo lugha jirani imeipokea na kuifanya nomino. Nchini Zambia, nguo hizo huitwa salaula, neno la Kibemba linalobeba maana ya kuchagua kwa kupekua rundo. Karen Tranberg Hansen ameiandikia biashara hiyo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, akionesha jinsi wavaaji wanavyozitawala nguo hizo badala ya kutawaliwa nazo.

Hapa sarufi imegeuka kabisa. Katika kafa Ulaya kitenzi kilimhusu marehemu. Katika mtumba hakuna kitenzi. Katika caguwa kitenzi kimerudi, na kiima chake ni nafsi ya pili: wewe, mnunuzi. Nguo haielezwi kwa ilikotoka wala kwa ilivyofungwa, bali kwa tendo la anayeinunua. Makala haya hayadai kwamba majina haya yalifuatana kama ngazi katika kila nchi. Yanadai kwamba yanaonesha nafasi tatu ambazo imani inaweza kusimama, na kwamba nafasi ya tatu ndiyo inayomfaa zaidi mnunuzi.

Msamiati wa Gikomba unathibitisha hoja hii. Nguo bora zinazotolewa mara robota linapofunguliwa huitwa kamera. Zinazobaki mwisho, baada ya wengi kupekua, huitwa fagia. Siku ya soko, kwa hiyo, imewekwa baina ya amri mbili, chagua na fagia. Kila neno linaeleza kiwango cha ubora kwa kutaja kilichotendwa na watu. Mnunuzi anayesema kuwa shati hili ni kamera anatoa hukumu baada ya kuligeuza ndani nje, kuvuta mshono, kutazama kola na makwapa, kupandisha na kushusha zipu. Imani yake ina ushahidi, na ushahidi umo mikononi mwake.

Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitumba hujitembeza kuliko bidhaa nyingine yoyote, mabegani mwa wamachinga na katika vinywa vya wanadi, na bado mnunuzi haihesabu kuwa mbaya kwa sababu hiyo. Methali inamtaka mnunuzi aipime bidhaa kwa mwenendo wa muuzaji. Soko limemfundisha kuipima kwa mkono.

4.0 Merikani: jina linapoishi kuliko kiwanda

Hoja kwamba asili ya bidhaa si msingi wa kudumu wa imani ina ushahidi wa zamani. Katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sultani aliyetawala Zanzibar, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani au amerikani. Kilipendwa kwa uzito na uimara wake, na wanunuzi wa bara walikikataa kitambaa kilichojifanya hicho bila kuwa na sifa hizo. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonesha jinsi uchaguzi wa wanunuzi hawa wa Afrika Mashariki ulivyowalazimisha wenye viwanda wa mbali kuwafuata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliivuruga biashara hiyo. Baadaye viwanda vya Bombay vikatengeneza kitambaa cha namna ileile, na jina likabaki. Merikani ya India haikuonekana kuwa uongo, kwa sababu jina lilikwisha kukoma kutaja nchi. Lilitaja uzito na uimara ambao mkono uliutambua.

Kanga inaeleza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Anayeinunua huuliza jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, maana kwa maneno hayo atamjibu jirani, atamtuliza mume au atampongeza bi harusi. Kanga iliyochapwa India hubaki kuwa kanga. Imani imejengwa juu ya kile ambacho nguo inamfanyia anayeivaa, katika lugha yake mwenyewe.

5.0 Kampeni na kurudi kwa marehemu

Kwa msingi huu tunaweza kuzihakiki juhudi za umma za kuubadili mtazamo wa mnunuzi. Zimechukua njia tatu.

Njia ya kwanza ni kumrudisha marehemu. Mwezi Juni 2022, akizindua ilani yake ya uchaguzi nchini Kenya, Raila Odinga alizitaja nguo za mitumba kuwa za watu waliokufa. Wafanyabiashara walikasirika, naye akalazimika kufafanua kwamba hakukusudia kuiua biashara yao. Mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni wa Uganda, akiwa Mbale katika eneo la viwanda, alitangaza kuipiga vita mitumba na akatoa maelezo yaleyale, kwamba mzungu akifa nguo zake hukusanywa na kuletwa Afrika. Wote wawili, pengine bila kukusudia, walilifufua jina la kafa Ulaya. Kosa la kibalagha liko hapa: walilichukua jina lililokuwa mzaha wa mvaaji juu yake mwenyewe wakalifanya lawama ya mkubwa juu ya mdogo. Utani aliojitania mtu ni kinga. Utani huohuo ukitoka jukwaani ni tusi. Badala ya kuamsha aibu, uliamsha hasira.

Njia ya pili ni hofu ya maradhi. Mwezi Machi 2020, UVIKO-19 ulipoingia, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba, na mwezi Agosti mwaka huo ikaruhusu tena. Hofu ya uchafu si ngeni kwa mnunuzi, lakini tayari ana jibu lake la nyumbani: kufua, kuanika juani, kupiga pasi. Imani yenye dawa inayojulikana haiwezi kumzuia mtu kwa muda mrefu.

Njia ya tatu ni fahari ya taifa, inayoonekana katika kampeni za Made in Rwanda na Buy Kenya Build Kenya. Lugha ya kaulimbiu hizi inastahili kuulizwa. Zote ni za Kiingereza, na zote zinazungumza juu ya taifa. Ya kwanza inaitambulisha nguo kwa ilikotengenezwa; ya pili inampa mnunuzi amri, lakini faida iliyotajwa ni ya nchi, si yake. Zilinganishwe na caguwa. Neno hilo moja linampa mnunuzi amri na mamlaka kwa wakati mmoja: twaa kilicho bora machoni pako. Kaulimbiu ya taifa inamwomba aamini. Sauti ya mnadi inamwalika ahakiki.

Rwanda, kwa ushuru wake, ilifanya jambo ambalo maneno hayakuweza: iliondoa sehemu kubwa ya mitumba sokoni. Lakini tofauti ya Fishbein na Ajzen baina ya tendo na mtazamo inatuzuia kuuita ushindi huo mabadiliko ya imani. Taarifa za mara kwa mara za marobota ya caguwa kukamatwa yakivushwa kwa magendo kutoka nchi jirani zinaonesha kuwa wapo ambao bado wanaiona nguo hiyo kuwa na thamani inayolingana na hatari ya kuivusha. Ushuru umeufunga mkono, haujaujibu.

6.0 Mipaka ya hukumu ya mkono

Makala haya yangekuwa na upungufu kama yangeishia katika kumsifu mnunuzi. Hukumu yake ni ya haki, lakini ni finyu. Mkono unaojua mshono hauwezi kumgusa mfumaji aliyepoteza kazi. Urafiki jijini Dar es Salaam, Nytil mjini Jinja, Kicomi mjini Kisumu, Utexrwa jijini Kigali na Cotebu jijini Bujumbura ni majina ya viwanda ambayo kwa nyakati mbalimbali yalibeba matumaini ya nchi zao. Mitumba si sababu pekee ya kudorora kwa viwanda vya nguo vya ukanda huu; uongozi mbovu, mitambo chakavu, umeme ghali na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia vina sehemu yao. Lakini imo miongoni mwa sababu, na hakuna neno la sokoni linaloitaja. Kamera na fagia hutenganisha nguo njema na nguo mbovu. Hazina namna ya kutenganisha nguo iliyoajiri na nguo isiyoajiri.

Vilevile msamiati wa sokoni huweza kugeuka dhuluma. Mnunuzi anayeita kila kitu duni kuwa cha kichina, hata kama hakukitazama, ametenda kosa lilelile la mwanasiasa jukwaani: ameihukumu nguo kwa asili yake. Na nguo mpya iliyoshonwa na fundi wa mtaani, ikiwekwa karibu na mtumba wenye lebo ya ng'ambo, mara nyingine hushindwa kabla haijashikwa. Hapo lebo imechukua nafasi ya mkono, na caguwa imepoteza maana yake. Kwa hiyo hoja ya makala haya si kwamba soko haliwezi kukosea. Ni kwamba soko lina kipimo chake, na anayetaka kulikosoa huanza kwa kukitumia kipimo hicho.

7.0 Hitimisho

Majina yaliyohakikiwa yanaonesha kuwa imani ya mnunuzi kuhusu mitumba iliundwa kwa hoja, ikabadilika ushahidi ulipobadilika, na ikatua katika tendo la kuchagua. Mtu wa namna hiyo haelimishwi kwa kukumbushwa marehemu. Nguo ya nyumbani itampata ikiletwa kwenye meza ileile, karibu na rundo lilelile, kwa bei inayoweza kupatanwa na kwa mshono unaostahimili kuvutwa. Kisha imwambie, kwa lugha anayonunulia, ni mikono ya nani iliyoifuma. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo sifa pekee ambayo mkono hauwezi kuigundua wenyewe, na ndiyo inayokosekana katika msamiati wa sasa.

Kwa upande wa taaluma, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama na taasisi za Kiswahili za ukanda huu zikusanye msamiati wa masoko ya nguo kutoka Mombasa hadi Bukavu, pamoja na maneno ya Kiswahili yaliyohamia katika lugha jirani kama caguwa, kabla hayajapotea pamoja na biashara yanazozitaja. Pili, kamati zinazoandaa kampeni za bidhaa za Afrika Mashariki ziwe na watu wa lugha tangu hatua ya kutunga jina, si baada ya kaulimbiu kuletwa kwao ili itafsiriwe.